Godoro la Jamaa

Baba na mama wa jamaa, fedha za godoro hukusanywa kwa miezi mingi; ni huzuni zikipotea kwa siku moja. Wengi wetu huchagua kwa macho, tukitazama unene na uzuri wa kitambaa. Lakini unene hudanganya. Nguvu ya sponji huonekana katika uzito wake. Godoro la sentimita 190 kwa 140, lenye unene wa sentimita 15, likiwa la sponji ya kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, huwa na kilo 12 hivi. La sponji ya kilo 15 huwa na kilo 6 tu, nalo hubonyea upesi. Basi tuliinue, tulipime, kisha tulale juu yake bila haya.

Tuseme godoro la dola 150 limedumu miaka 10: ni dola 15 kwa mwaka. La dola 60 likiharibika baada ya miaka 2, ni dola 30 kwa mwaka. Je, lipi ni la ghali?

Nyumbani tuligeuze mara kwa mara, na mbao za kitanda ziachane kidogo, lipate hewa lisioze.