Kabla Hujaandika "Mbovu", Toa Mkono Kwenye Sindano

Wanachuo wenzangu, kuna neno moja kwenye madaftari ya stoo ambalo mimi naona linatumika hovyo kuliko yote: "mbovu". Herufi tano tu. Linaandikwa kwa sekunde mbili, na likishaandikwa hakuna anayeuliza tena. Mbovu kwa sababu gani? Nani alipima? Alipima nini? Kimya.

Naandika haya kwa sababu ya injini tatu ndogo za ndege za mfano zilizokaa kwenye stoo ya karakana. Zililetwa kama msaada kwa ajili ya klabu, zikawashwa, zikazingua, zikaandikwa neno hilo. Muhula huu zimeingia kwenye orodha ya vitu vya kufutwa, na tunajua mwisho wa orodha hiyo ni kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi si mtu wa uhandisi. Nasoma ualimu, Fizikia na Kemia, na mwakani Mungu akijalia nitakuwa nimesimama mbele ya darasa. Ndiyo maana naona jambo hili linanihusu hata kuliko linavyowahusu jamaa wa karakana.

Tuijue kwanza injini yenyewe, maana wengi tumezoea ya bodaboda. Hii ni injini ya mipigo miwili, ndugu yake chenso, ila inaenea kiganjani. Silinda yake ina ujazo wa kama sentimita za ujazo 6.5, na ikiwa na afya inazungusha propela zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Haitumii petroli. Inakunywa metanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi karibu sehemu 20 kwa 100, na pengine nitromethani kidogo. Mafuta ya kulainisha yanayosifiwa tangu zamani ni ya mbarika. Ndiyo, haya haya ya nyonyo ambayo dada zetu wa hosteli wanapaka kwenye nywele. Ndege za Vita Kuu ya Kwanza zenye injini za kuzunguka ziliyatumia pia.

Sasa njoo kwenye plagi, hapo ndipo mwalimu wa Kemia anapotakiwa kukaa vizuri kwenye kiti. Plagi hii haipigi cheche. Ndani yake kuna waya mwembamba wenye platinamu uliosokotwa kama springi. Unaupa umeme wa betri ya volti 1.5 mpaka unakuwa mwekundu, unawasha injini, kisha unachomoa betri, na waya unaendelea kuwaka wenyewe! Kwa nini? Joto la mwako linausaidia, lakini pia platinamu ni kichocheo: mvuke wa metanoli ukigusana nayo penye hewa, unaungua juu yake na kutoa joto. Humphry Davy aliona tabia hiyo ya platinamu mwaka 1817 alipokuwa anachezea gesi na waya. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden akaanza kuuza plagi ya namna hii kwa wapenda ndege za mfano, na wengi wakaachana na mzigo wa koili na betri angani. Sisi kichocheo tumekikariri kama maana ya mstari mmoja: kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko bila chenyewe kutumika. Mtihani umeisha, maana imeyeyuka. Na stoo tulikuwa na vichocheo vitatu vimeandikwa "mbovu".

Turudi kwenye ugonjwa. Injini ya kwanza ilikuwa na tabia hii: inawaka, inapanda kwa mlio mkali, sekunde kumi au kumi na tano hivi inachoka, inazima. Kila aliyeishika alifanya kitu kimoja: alikwenda kwenye sindano ya kabureta, kile kiskrubu kinachopunguza au kuongeza mafuta, akaanza kukizungusha. Wa kwanza akafungua. Wa pili akafungua zaidi. Wa tatu akafunga. Baada ya hapo hakuna aliyejua sindano ilianzia wapi, na ugonjwa mmoja ukawa magonjwa mawili.

Ni kweli dalili ile ni ya mafuta machache na hewa nyingi. Lakini kuna njia nyingi za kufika kwenye mafuta machache, na sindano ni moja tu. Chujio likiziba, mafuta yatakuwa machache. Tangi likikaa chini mno kuliko kabureta, hivyo hivyo. Skrubu za ekzosi zikilegea, ule msukumo wa moshi unaosaidia kusukuma mafuta kutoka tangini unapotea. Tangi likitikisika mafuta yanatoa povu, na povu ni hewa; ndiyo maana watu hulifunga na sponji. Na kama kuna mahali panavuta hewa, iwe shingo ya kabureta, kifuniko cha nyuma, au tundu dogo kwenye mpira, unaweza kuzungusha sindano mpaka Krismasi.

Mzee mmoja fundi wa karakana alituangalia, akasema, "Vijana, angalieni mpira, msiangalie injini." Mpira wa mafuta ni mweupe, unaona ndani. Tulipotazama kwa makini, vipovu vilikuwa vinapita. Vidogo, kimoja kimoja, kama kwenye soda iliyoanza kuchacha.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo mimi nataka lifundishwe. Hatukugusa injini kabisa. Tulichukua chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa na kukaushwa, mpira mpya, tukaiweka usawa ule ule wa tangi la zamani, tukarudisha sindano mizunguko miwili na nusu kutoka kwenye kufungwa kabisa, tukawasha. Ikanguruma. Dakika moja, mbili, tatu. Kwa hiyo injini nzima, yenye pistoni na kabureta yake, imetoka kwenye kesi, na mshitakiwa amebaki tangi. Tukafungua tangi, tukachomoa mpira wa ndani, tukausuuza kwa maji, tukauziba upande mmoja na kuuzamisha kwenye ndoo kama afanyavyo fundi pancha, tukasukuma hewa kwa bomba la sindano la hospitali. Kipovu kilitokea pale mpira unapobana bomba la shaba. Ufa ambao kwa macho huuoni. Kipande cha mpira cha urefu wa kidole ndicho kilichokuwa kinaipeleka injini nzima kwenye chuma chakavu.

(Nimesema bomba la sindano kwa makusudi. Najua tabia yetu ya kunyonya na kupuliza mipira kwa mdomo. Metanoli ni sumu, inapofusha, inaua, na moto wake mchana wa jua karibu hauonekani. Na propela haina urafiki na mtu: kaa nyuma yake, asisimame mtu ubavuni mwake.)

Baada ya hapo ndipo sindano ilipata zamu yake, na hata hapo kwa kipimo. Injini ikiwa kasi ya juu, unabana mpira wa mafuta kwa vidole, kitendo cha mara moja, unaachia. Kasi ikipanda kidogo kisha ikarudi, mafuta yalikuwa yamezidi kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Ikizima palepale, ilikuwa tayari na njaa. Kwenye sailensa nako unabana na kusikiliza: ikizima mara moja, ina njaa, ikipanda kwa muda mrefu ndipo izime, imeshiba kupita kiasi. Hakuna kifaa cha bei hapo. Ni vidole, masikio, na swali linaloeleweka kabla hujabana.

Injini ya pili sitaielezea sana. Ilikuwa imeganda kwa mafuta ya mbarika yaliyokauka, ikapashwa joto taratibu ikalegea, lakini ukichomoa betri inapoteza nguvu na kumisi. Tukabadilisha plagi tu, kitu kingine chochote hatukugusa, ikatulia. Ya tatu ni mbovu kweli. Vumbi limekwangua silinda, kompresheni hakuna, ukizungusha propela kwa mkono haikupi upinzani wowote. Lakini ya tatu tunaiita mbovu tukiwa na sababu mkononi, na hilo ni neno tofauti kabisa na lile la daftarini.

Sasa niseme kwa nini mwalimu mtarajiwa anahangaika na haya. Practical zetu tunazijua. Unapewa karatasi yenye hatua, unajua grafu itakuwa mstari ulionyooka, na data zikikataa kunyooka kuna jamaa wa mwaka jana mwenye data zilizonyooka. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza miaka mitatu ya sayansi bila kukutana hata mara moja na kitu kilichokataa, akatakiwa aseme kwa nini kimekataa. Halafu huyo huyo anapelekwa darasani, ambako karibu kila kitu kinakataa.

Kwenye BTP nilipewa Kidato cha Pili, na mwalimu mwenyeji wangu akanionyesha safu ya nyuma: "Wale usijisumbue nao, mwalimu, ni wabovu." Binti mmoja wa safu hiyo alipata 12 kwenye jaribio la shinikizo. Nilikaa naye na swali lile lile, nikamuuliza kwa Kiswahili kwa nini kisu kikali kinakata kirahisi kuliko butu. Alinieleza vizuri, na mfano wa kisigino kirefu kwenye mchanga akauongeza mwenyewe. Miaka saba ya msingi alisoma kwa Kiswahili, Kidato cha Kwanza akageuziwa lugha. Fizikia ilikuwa inamfika kwa vipovu. Shule ilikuwa imeongeza masomo ya jioni, ikaongeza na adhabu, na kote huko ni kuzungusha sindano.

Najua kuna watakaosema ndege za mfano ni mchezo wa watoto wa kishua, na mtaala haujazitaja. Sawa. Basi tumia pampu ya maji, tumia pikipiki ya mlinzi, tumia redio. Ninachotaka ni kipindi kimoja cha maabara kwa muhula ambacho mwanafunzi wa ualimu anapewa kitu kisichofanya kazi, bila karatasi ya majibu, na anapewa maksi kwa mpangilio wa vipimo vyake hata kama hakukitengeneza. Wengine wanasema tutaharibu vifaa. Vifaa gani? Vilivyokwisha kuandikwa mbovu?

Ombi langu kwa wawakilishi wetu watakaoingia kwenye kikao cha kufuta vifaa ni dogo. Injini mbili ziondolewe kwenye orodha, zinawaka, tutawasha mbele ya yeyote anayebisha. Na kwenye daftari kuongezwe safu moja mpya mbele ya "hali": "kilipimwaje". Ya tatu nayo isiende kwa mnunuzi. Ikatwe katikati kwa msumeno wa chuma, ipigwe msasa, iwekwe maabara, ili anayefuata kufundisha mipigo miwili awe na cha kuonyesha zaidi ya mchoro ubaoni.