Wembe ukatazwe ndani ya ndege, lakini msafiri aambiwe mapema

KINDU – Wembe haupandi ndege mkononi mwa abiria. Sheria hiyo ni nzuri. Tarehe 11 Septemba 2001, watekaji wa ndege kule Marekani walitumia visu vidogo, na karibu watu 3000 wakafa. Hapa Congo, tarehe 25 Agosti 2010, ndege ilianguka Bandundu ikaua watu 20. Mtu mmoja aliyepona alieleza kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, abiria wakakimbilia upande mmoja, ndege ikapoteza usawa. Basi anayekagua mifuko anaokoa maisha, asitukanwe.

Ubaya ni kumnyamazia msafiri mpaka dakika ya mwisho.

Kinyozi aliyekimbia vita hasafiri kama tajiri mwenye valizi tatu. Mfuko wake wa mkono ndio duka lake. Kama hakuna aliyemwambia kitu alipolipa tikiti, atajua mbele ya mkaguzi tu, wakati valizi imeshakwenda tumboni mwa ndege. Hapo nyembe na mkasi vinabaki, na kesho yake, katika muji asioujua, ataanza kazi na nini?

Wengine watasema masharti yameandikwa. Yameandikwa kwa lugha gani? Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Mama wa Alunguli hapaswi kutafuta mkalimani ili ajue wembe unawekwa wapi.

Na maneno yenyewe si mengi. Nyembe, visu na mikasi mirefu viwekwe ndani ya valizi inayokwenda chini, vikiwa vimefungwa vizuri ili visimkate mpakiaji. Kinyoleo cha plastiki chenye wembe uliofungiwa kichwani huruhusiwa mahali pengi, lakini neno la mwisho ni la mkaguzi. Mashine ya umeme inaruhusiwa. Betri za akiba za lithiamu, kinyume chake, zisiwekwe chini. Zibaki kwenye mfuko wa mkono, kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Kwa hiyo kinyozi mmoja ana sheria mbili: wembe chini, betri juu. Nani atazibahatisha bila kuelezwa?

Tangu 2009 msafiri analipa Go Pass kwa ajili ya viwanja vya ndege. Anayelipa ana haki ya kuelezwa. RVA na makampuni ya ndege wabandike tangazo la Kiswahili lenye picha pale tikiti zinapouzwa, si mlangoni pa ndege. Redio za Kindu zilisome. Na kitu kilichokatazwa kipewe ndugu aliyemsindikiza msafiri, au kishushwe kwenye valizi kama muda upo.

Usalama wa ndege hauhitaji kumnyang'anya maskini chombo chake cha kazi. Unahitaji aambiwe kabla hajafunga mfuko.