Chuo Kidogo na Mtahini Mgeni

Kwa muhula huu mzima mazungumzo ya bwenini, hasa miongoni mwetu wa Kidato cha Nne, yamekuwa juu ya vyuo, na kila mtu hukisifu kile chenye majengo mengi. Chuo kidogo, ati, ni cha walioshindwa. Hata wazazi wengine husema hivyo. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni chuo cha Swarthmore, kilicho karibu na mji wa Philadelphia, Marekani.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1864 na Wakristo wa madhehebu ya Quaker. Hata leo wanafunzi wake hawafiki 2,000, wala hakitoi udaktari. Basi mtu atauliza, kitamwandaaje kijana kwa masomo ya juu ambayo chenyewe hakina? Kwa sababu hiyo hiyo! Mwalimu wa pale hana wanafunzi wa udaktari wa kumlia wakati wake, na maabara ni ya vijana wa digrii ya kwanza.

Howard Temin alihitimu hapo mwaka 1955, na David Baltimore mwaka 1960. Wote wawili walikwenda kwingine kupata udaktari. Mwaka 1970 kila mmoja, mahali pake, aligundua kimeng'enya ambacho kwacho virusi fulani hugeuza RNA yao kuwa DNA, na mwaka 1975 wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Renato Dulbecco. Virusi vya UKIMWI hutumia njia hiyo, na baadhi ya dawa wanazomeza wagonjwa leo hukizuia kimeng'enya hicho. Sisemi kwamba chuo peke yake ndicho kilichowafanya wawe hivyo. Lakini udogo wake haukuwazuia.

Jambo linalonivuta zaidi ni mpango maalumu ulioanzishwa mwaka 1922 na mkuu wa chuo, Frank Aydelotte, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Oxford. Katika miaka miwili ya mwisho, wanafunzi waliochagua mpango huo huketi na mwalimu wao katika vikundi vidogo, kama watu wanane hivi. Huandika karatasi, wenzao huzisoma, kisha huhojiana kwa saa nyingi. Mwishoni huja watahini kutoka vyuo vingine. Hutoa mtihani wa kuandika, halafu humwita kila mwanafunzi wakamwuliza kwa mdomo. Hao wageni ndio waamuao kama astahili heshima.

Tazameni faida yake. Kwa kuwa mwamuzi ni mgeni, mwalimu na mwanafunzi wako upande mmoja. Hakuna haja ya kumrudishia mwalimu maneno yake kama kasuku. Sisi nasi mtihani wetu wa taifa husahihishwa na watu tusiowajua, lakini ni wa karatasi. Hakuna anayetusikia tukieleza. Wengi wetu twaweza kuandika maana ya usanisinuru bila kosa, lakini tukiulizwa "kwa nini?" mara mbili, twatazama dari.

Ada ya Swarthmore ni kubwa mno, wala sisemi tuhamie huko. Nashauri tuige kidogo. Wanafunzi wanane wa Baiolojia wakutane maktabani kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Wawili waandike karatasi na kuzibandika ukutani tangu Alhamisi, ili wengine wazisome. Mwisho wa muhula aalikwe mwalimu wa shule ya jirani aje kuwauliza kwa mdomo. Najua walimu wetu wamelemewa na madarasa yamejaa. Ndiyo maana nasema wanane tu, na somo moja. Nao wasichaguliwe kwa nafasi zao darasani, bali aje apendaye. Wa mwisho darasani huenda akauliza swali ambalo wa kwanza hakulifikiria.

Mwalimu wetu wa Baiolojia amesema yu tayari iwapo watapatikana hao wanane. Mpaka sasa tumejiandikisha watano.