Jazi na Masikio ya Vijana Wetu

Vijana wengi wa Visiwani waliokulia katika muziki wa roki huikimbia jazi, wakidai kwamba haina mwanzo wala mwisho. Hatuwalaumu, jina lenyewe limewachanganya. Tabora Jazz ilipiga dansi, na sahani iitwayo Jazz ya mwaka 1978, aliyoiimba Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, pamoja na kundi lake la Queen, ni ya roki.

Wako wanaomshauri mgeni aanze na Bitches Brew ya Miles Davis, iliyotolewa mwaka 1970, kwa kuwa ina gitaa la umeme. Hatukubaliani nao. Aanze na Kind of Blue ya mwaka 1959: ala chache, mwendo wa utulivu, na kila mpigaji anasikika akitunga papo hapo, kisha akimpisha mwenzake. Sikio lililozoea taksimu ya udi katika taarabu halitapotea humo.

Redio ya Serikali yapaswa kutenga walau nusu saa kila wiki, na mtangazaji aeleze nani anapiga nini. Vijana wetu wanaopiga magitaa mahotelini wana vidole vyepesi, lakini wengi wao hurudia nyimbo za wengine kama zilivyo. Wapewe nafasi ya kuwasikia wanamuziki wanaothubutu kuiacha njia, na wakajua jinsi ya kuirudia.