Wasiwasi wa Muuguzi Nao ni Dalili

Saa nane za usiku mkunga humpigia simu daktari wa zamu na kumwambia kwamba mama aliyejifungua jioni "hayuko sawa". Daktari huuliza shinikizo la damu. Akijibiwa kuwa ni 110 kwa 70, huagiza mama aendelee kuangaliwa, kisha hukata simu. Katika mazungumzo hayo mafupi, mwenye pungufu si mkunga.

Mwili wa mwanamke kijana mwenye afya hujua kuficha hasara. Damu ikipungua, moyo huongeza kasi na mishipa ya ngozi hujibana ili ubongo usikose. Hivyo shinikizo linaweza kubaki la kawaida hata mama akiwa amekwisha kupoteza lita moja; likianza kushuka, muda wa thamani umeshapotea. Lakini dalili zilikuwapo: mapigo ya moyo yamepanda kutoka 84 hadi 112, vidole ni vya baridi, midomo imepauka, na mama aliyekuwa akimbembeleza mwanawe sasa hatulii, anaomba maji. Mkunga aliyembadilishia pedi mara tatu ndani ya saa moja, kila mara ikiwa imelowa chepechepe, ameyaona yote haya. Huenda hakuyapanga kwa lugha ya kitabibu, ila neno lake limebeba hesabu.

Mwaka 1984 Patricia Benner, mwanazuoni wa uuguzi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake kwamba muuguzi mwanagenzi hufuata kanuni moja baada ya nyingine, ilhali mbobezi huitambua hali nzima kwa pamoja, kwa kuwa amekwisha kuona nyingi za namna hiyo. Huo si ubashiri wala karama. Ni maarifa yaliyopatikana kando ya kitanda, na kama maarifa mengine yanaweza kukosea. Ndiyo sababu hupimwa kwa kumwendea mgonjwa, si kwa simu.

Wauguzi nao wana deni. Kasi ya upumuaji ni miongoni mwa vipimo vinavyobadilika mapema mgonjwa anapozidiwa, nayo haihitaji mashine, bali saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja kamili. Hata hivyo, si ajabu kukuta chati za wodi nzima zimeandikwa 20, 20, 20, kana kwamba wagonjwa wamekubaliana kupumua pamoja. Muuguzi aliyeachiwa wagonjwa thelathini peke yake ana udhuru, na wa kuulizwa ni wanaopanga zamu. Lakini namba ya kubuni humpokonya silaha yeye mwenyewe: usiku atakapopiga simu, hatakuwa na cha kuonyesha kwamba jioni mgonjwa alipumua mara 18 kwa dakika na sasa ni 28.

Chati zetu zingeweza kuongezewa mstari mmoja: muuguzi ana wasiwasi, ndiyo au hapana. "Ndiyo" iwe sababu tosha ya daktari kufika, hata vipimo vingine vikiwa vizuri. Ndugu asemaye "leo mama haongei kama kawaida yake" asirudishwe kwenye benchi. Neno lake liingizwe katika mstari huohuo. Na pembeni yake iachwe nafasi ya kuandika saa ambayo daktari aliitwa, na saa aliyofika.