"Chai ya Kichina" si tiba ya malaria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili nitoe dukuduku langu juu ya majani makavu ya atemisia yanayouzwa hapa Babati kwa jina la "chai ya Kichina".

Mwezi uliopita mjukuu wa jirani yangu hapa Maisaka alishikwa na homa. Bibi yake, kwa mapenzi tu, akamchemshia majani hayo siku tatu mfululizo. Siku ya nne mtoto akapatwa na degedege, ndipo akakimbizwa hospitali. Alikutwa na malaria kali, akaongezewa damu. Amepona, lakini ilibaki kidogo tumzike.

Sibezi miti shamba. Nimekua kwayo, na serikali yenyewe inaitambua kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Wachina nao wameutumia mmea huu kwa karne nyingi. Lakini muuzaji hasemi kwamba mganga wao wa kale, Ge Hong, aliagiza majani yalowekwe majini na kukamuliwa, si kuchemshwa. Mama Tu Youyou alipoyasoma maandishi hayo ndipo alipotambua kuwa huenda moto ndio unaoiharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa bila joto kali, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hata yakilowekwa, dawa iliyomo haiyeyuki vizuri majini, wala hakuna ajuaye kikombe kimoja kina kiasi gani. Dozi pungufu huvizoesha vimelea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema haliungi mkono chai hiyo kwa malaria.

Wapo wanaodai kuwa wakubwa wanataka tununue vidonge vyao tu. Ndugu zangu, dawa mseto tunayopewa zahanati, sehemu yake moja inatokana na jani hilo hilo, ila imepimwa!

Mtu mzima anayeipenda kwa ladha (mimi naiona chungu mno) na anywe. Ombi langu ni kwamba mabwana afya wa mji wapite sokoni wawakataze wauzaji kuandika "inatibu malaria" juu ya vifuko, na wenyeviti wa mitaa walizungumze jambo hili mikutanoni kabla mvua za masika hazijaanza.

Msomaji wako,
Maisaka, Babati.