Uchambuzi: Ufinyu wa Fedha Vyuoni na Mzigo wa Mhadhiri

Viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya mwaka 2014 vinaelekeza kuwa mhadhiri mmoja ahudumie wanafunzi 7 katika fani za tiba, 10 katika sayansi, 15 katika sanaa na 18 katika sayansi za jamii. Utekelezaji wake hutegemea fedha.

Utaratibu wa kufadhili kila kozi kulingana na gharama zake ulikusudia Serikali ilipie hadi asilimia 80 ya gharama hizo katika vyuo vya umma. Hata hivyo, idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi kuliko mgao wa Hazina ya Kitaifa, na kiwango kilicholipwa kikashuka hadi chini ya nusu kabla ya mfumo mpya kutangazwa Mei 2023.

Sehemu kubwa ya matumizi ya chuo ni mishahara, ambayo haipunguziki ghafla. Kwa hiyo chuo kilichopungukiwa huahirisha ajira: nafasi ya mhadhiri aliyestaafu hubaki wazi, na vipindi vyake hugawiwa wenzake au wahadhiri wa muda. Ratiba hujaa, lakini usimamizi wa tasnifu na utafiti huwaelemea wachache waliosalia.

Tuseme mhadhiri hutumia dakika 20 kusahihisha insha moja. Wanafunzi 18 watamchukua saa 6. Wakiwa 54, saa 18. Asipopata muda huo, hupunguza idadi ya insha au maelezo anayompa mwanafunzi. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za chuo, bali katika ujuzi wa mhitimu.

Mfumo wa 2023 uligawa gharama baina ya ruzuku, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa kaya. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na suala hilo likapelekwa kwenye rufaa. Lakini kuamua nani alipe karo hakutoshi kuamua nani atafundisha.

Kwa mwananchi anayefuatilia makadirio ya bajeti, jumla ya mgao pekee haitoshi. Fungu laweza kuongezeka ilhali fedha kwa kila mwanafunzi zinapungua. Kipimo cha kuaminika ni mgao huo ukigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, pamoja na idadi ya wahadhiri wa kudumu watakaoajiriwa.